Herufi C kwenye majibu ya picha ya matiti ina maana gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 46, naishi Mikindani. Mwezi uliopita nilikuwa Dar es Salaam kwa dada yangu, nikapigwa picha ya matiti, mamogramu. Majibu yameandikwa Kiingereza. Nilichoambulia ni kwamba msongamano wa matiti yangu ni C, na chini kabisa pameandikwa BI-RADS 2. Aliyenikabidhi karatasi alisema tu "uko salama, mama". Shemeji yangu anasema C ni saratani hatua ya tatu. Ni kweli? Na je, nipime utrasaundi huku Mtwara?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na linalokunyima raha: C hiyo si hatua ya saratani, na shemeji umwambie hivyo leo hii.

Kwenye karatasi yako kuna mambo mawili yaliyoandikwa jirani, lakini hayana undugu. Namba, yaani hiyo BI-RADS, inaeleza kilichoonekana. 2 maana yake hakuna dalili ya saratani. Kama kuna kitu kimeonekana, ni cha kawaida kisicho na madhara. Herufi inaeleza titi lenyewe limeumbikaje. A karibu lote ni mafuta, B lina tezi hapa na pale, C tezi na nyuzinyuzi zimeshika sehemu kubwa, D zimejaa karibu titi zima. Kwa takwimu za Marekani, kati ya wanawake 10 wanaopigwa picha hii, kama 4 ni C na mmoja ni D. Ni maumbile tu. Wala huwezi kuyajua kwa kuminya: titi gumu mkononi linaweza kuwa A kwenye picha.

Kwa nini basi iandikwe? Kwa sababu kwenye picha mafuta hutoka meusi na tezi nyeupe, na uvimbe wa saratani nao ni mweupe. Punje ya mchele ikidondokea kwenye ungo wa choroko unaiona ukiwa mlangoni. Ikidondokea kwenye unga wa muhogo, hapo mpaka uchekeche. Mimi nikifungua picha ya titi la D hukaa nayo sana: naikuza, nalinganisha kulia na kushoto, narudi kwenye picha za zamani kama zipo, na bado najua kuna kona siioni vizuri. Mbali na kuficha, msongamano wenyewe huongeza uwezekano wa kupata saratani: kwa D ni kama mara mbili ya mwanamke wa kawaida, kwa C ongezeko ni dogo.

Kwa hiyo "uko salama" ni kweli, ila ni nusu ya maelezo, na nusu iliyobaki ni haki yako. Mwaka 2004 Nancy Cappello wa Connecticut, Marekani, alikutwa na saratani iliyokwisha kufika kwenye tezi za kwapa, wiki chache tu baada ya mamogramu kusema yuko sawa. Miaka yote alipimwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa matiti yake yana msongamano. Alipigania jambo hilo hadi jimbo lake likatunga sheria mwaka 2009, na tangu tarehe 10 Septemba 2024 kila kituo cha mamogramu Marekani kinapaswa kumjulisha mwanamke. Wenzangu tunaokabidhi majibu, kulisema hili kwa Kiswahili hakuchukui hata dakika mbili.

Sasa utrasaundi. Kama mama, dada au binti yako aliwahi kuugua saratani ya matiti au ya vifuko vya mayai ya uzazi, au uliwahi kutibiwa kwa mionzi kifuani, ipime, na umweleze daktari historia hiyo. Kama hakuna lolote kati ya hayo, si lazima uikimbilie. Utrasaundi huona baadhi ya uvimbe uliojificha, na haina mionzi. Lakini pia hushtukia vitu vingi visivyo na neno, ukaishia kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama na kukaa roho juu ukisubiri majibu. Wala haichukui nafasi ya mamogramu, ambayo huona chembechembe ndogo za chokaa ambazo utrasaundi huzikosa.

Ukiamua kupima, huna haja ya kurudi Dar es Salaam. Nenda hospitali ya mkoa ya Ligula, na walio upande wa Lindi waende hospitali ya Sokoine. Uliza tu kama anayepima amezoea matiti, maana wengi wetu kutwa tunapima wajawazito.

Lipo moja lisilongoja: ukishika kivimbe, chuchu ikiingia ndani au kutoa damu, ngozi ikibonyea, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, hata kama karatasi inasema 2. Picha safi haifuti uvimbe unaoushika kwa mkono wako.

Na kama ulipewa CD ya picha pamoja na karatasi, iweke pakavu. Utakaporudi kupigwa picha nyingine, baada ya mwaka mmoja au miwili kadiri daktari atakavyokupangia, nenda nayo. Atakayesoma picha mpya ataihitaji ili aone kilichobadilika.