Maji ya mto chini ya kiwanda cha mkonge
Dada, umeuliza kama maji ya mto chini ya kiwanda cha mkonge ni salama maadamu hayana rangi. Macho hayatoshi. Maji yatokayo korona (mashine inayochakata majani ya mkonge kupata nyuzi) yana asidi na mabaki ya majani. Bakteria wakiyaozesha humaliza oksijeni, samaki wakakosa pumzi. Chukua sampuli juu ya kiwanda na chini yake, siku ileile, korona ikiwa inafanya kazi (hilo watu wengi hulisahau). Oksijeni ipimwe palepale mtoni. Ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita, samaki wengi hutaabika. Kipimo cha uchafu unaooza huchukua siku 5 maabara, nayo chupa ya sampuli ijae pomoni na ikae kwenye barafu hadi ifike huko. Majibu yafikishe Bodi ya Maji Bonde la Pangani, tafadhali usiyakalie.