Matairi ya A/T kwa gari linalovuta trela: pima mzigo kabla ya kutazama kashata

Mwaka juzi fundi mmoja wa kuchomelea pale Unga Limited, Arusha, alinitengenezea trela la kambi. Ni sanduku la bati lenye vitanda viwili, tanki la maji la lita 80 chini, na jiko la gesi linalochomoka kwa nyuma kama droo. Watoto wanaliita karavani. Mama yao analiita banda. Likijazwa kila kitu lina kilo 1,350, na mwenye kazi ya kulivuta ni Prado yetu ya dizeli.

Safari ya kwanza ya maana ilikuwa Ziwa Natron. Wiki mbili kabla nilinunua matairi mapya manne ya A/T, yaani ya lami na njia mbovu, saizi 265/65R17, kashata (yale meno ya tairi) nene, maandishi meupe ubavuni. Niliyachagua kama mtu anavyochagua viatu vya sikukuu, kwa macho. Tukapita Mto wa Mbu, tukaiacha lami, tukapita Engaruka. Saa saba mchana, jua la utosi, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Haikuwa pancha ya mwiba. Ubavu ulifunguka urefu wa kiganja, na ukiingiza vidole unagusa rimu.

Nilimlaumu muuza matairi kwa saa nzima huku nikipiga jeki. Baadaye, nilipofanya hesabu yangu kwa utulivu, nikakuta kosa lilikuwa langu.

Kabla ya kuingia barabara ya rafu nilikuwa nimepunguza upepo hadi 24 kwa kipimo cha psi kwenye magurudumu yote, kama nilivyozoea nikiwa peke yangu bila trela. Kupunguza upepo kwenye mawe na changarawe ni jambo jema: tairi linalainika, linalikumbatia jiwe badala ya kupigana nalo. Ila likibeba mzigo mkubwa na upepo kidogo, ubavu unavimba nje na kujikunja kila mzunguko. Kujikunja huko huzaa joto, joto hudhoofisha mpira, na ule uvimbe ndio unaokutana na jiwe la kwanza lenye makali. Njia ya Natron ina mawe ya volkano kila mahali, maana Ol Doinyo Lengai uko hapo hapo unakutazama. Ndugu zangu wa Kenya mnaokwenda Loiyangalani, kule Ziwa Turkana, mnaelewa ninachosema.

Sasa mzigo wenyewe. Niliporudi nilikwenda kwenye ghala la mahindi lenye mizani ya magari, nikamwomba kijana wa pale anipimie ekseli ya nyuma peke yake, kwanza bila trela, halafu trela likiwa limefungwa. Bila trela, na familia na mizigo ndani, ilisoma kilo 1,480. Na trela, 1,690. Nikashangaa, kwa sababu pua ya trela, pale linapofungwa kwenye gari, nilikuwa nimeshaipima kwenye mizani ya magunia ikatoa kilo 145 tu. Hizo nyingine 65 zimetoka wapi?

Zimetoka mbele. Trela halikai juu ya ekseli, linaning'inia zaidi ya mita moja nyuma yake, kwa hiyo gari linakuwa kama bembea ya watoto: ukikalia ncha moja, nyingine inanyanyuka. Magurudumu ya mbele yanapunguziwa uzito, ya nyuma yanaongezewa kuliko hata ule uliouweka. Ndiyo maana karibu kila anayevuta trela atakwambia tairi la nyuma ndilo linaloanza kufa. Pua ya trela inatakiwa kubeba takriban asilimia 10 ya uzito wote wa trela, kwa hiyo usidhani utakwepa kwa kurundika mizigo nyuma ya trela. Pua ikiwa nyepesi mno trela linaanza kutikisa mkia kwenye lami, na hapo utajuta zaidi.

Ukishaijua namba yako, ndipo uende dukani, na ukifika usiangalie kashata kwanza. Inama usome ubavu. Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 112S. Hiyo 112 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 1,120 likiwa na upepo wake kamili. S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa, jambo ambalo sisi wavuta mabanda halituhusu. Yale yangu yaliyopasuka yalikuwa 112. Mawili ya nyuma yangebeba 2,240, na mimi nilikuwa na 1,690. Kwenye karatasi nilikuwa salama kabisa, lakini namba ile ni ya tairi lililojazwa upepo sawasawa, na mimi nilikuwa nimeutoa mwenyewe.

Kingine cha kutafuta ni herufi LT mbele ya saizi. Hayo yameundwa kwa ajili ya magari ya mizigo: mwili wake ni mgumu zaidi, mpira wa kashata mara nyingi una kina zaidi, na yanavumilia upepo mwingi. Saizi yangu hiyo hiyo ikiwa LT ya daraja E huandikwa 120/117, na hiyo 120 ni kilo 1,400 kwa tairi. Mafundi wa mtaani huyaita "plai kumi". Usidanganyike ukadhani ubavuni kuna tabaka kumi za nyuzi kweli. Siku hizi hicho ni kipimo cha nguvu tu, na idadi halisi ya tabaka imeandikwa kwa maandishi madogo karibu na rimu. Mimi nilipiga magoti kwenye vumbi nikasoma moja baada ya jingine, muuzaji akanicheka. Kuna yenye tabaka mbili ubavuni na kuna yenye tatu. Kwa njia ya Natron nilitaka tatu.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: LT linahitaji upepo zaidi kubeba mzigo uleule. Kibandiko cha mlangoni mwa gari langu kinasema 29. Hiyo ni ya matairi lililotoka nayo kiwandani, gari likiwa halivuti kitu. Ukifunga LT ukabaki na 29, umelipa hela nyingi kununua shida ileile. Mimi sasa nikiwa na trela kwenye lami najaza 36 mbele, 42 nyuma, na 38 kwenye trela. Nikiingia rafu nashusha hadi 30 mbele, 34 nyuma, 30 kwenye trela, na mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa. Hizo ni za uzito wangu. Za kwako utazipata kwa mizani na geji. Asubuhi pima matairi yakiwa baridi, endesha saa moja, simama upime tena. Yakipanda 4 hadi 6 uko sawa. Yakipanda zaidi ya hapo, yanapata joto kuliko yanavyostahili: ongeza upepo yakishapoa, au punguza mwendo au mzigo. Yasipopanda hata kidogo, umejaza mno na gari litakuwa linaruka kama mbuzi. Na kama unashusha upepo bila kuwa na kompresa ya kurudishia, bora usishushe.

Ubaya wa plai kumi lazima niuseme. Ni mazito, mafuta yanakwenda zaidi, na gari likiwa tupu linakudunda mgongo hasa kwenye zile barabara zilizojikunja kama bati kati ya lango la Lodoare la Ngorongoro na lile la Naabi la Serengeti. Kama trela lako linatoka mara mbili kwa mwaka na siku nyingine zote gari linapeleka watoto shule Njiro, LT ya daraja C, ile ya plai sita, inaweza kukutosha, mradi uwe mkali wa upepo.

Matairi ya matope sitaki hata kuyazungumzia sana. Yanavutia kwenye picha. Kwenye lami yenye mvua, na trela linakusukuma kutoka nyuma, breki zake zilinitisha siku moja nilipoendesha gari la rafiki kushuka Karatu kwenda Mto wa Mbu. Halafu ule udongo mweusi wa Ndutu wakati wa masika hauheshimu kashata ya aina yoyote. Unajaza mifereji yote, tairi linakuwa duara la udongo, na trela linageuka nanga. Pale dawa ni kulifungua trela, kutoa gari kwanza, kisha kurudi kulivuta kwa kamba. Au kutokwenda.

Kwenye mtumba kuwa macho. Magari mengi ya Japani huja na matairi ya theluji, na baadaye matairi hayo huuzwa barabarani kama A/T kwa sababu kashata zake zina mikato mingi na zinaonekana kali. Tafuta neno STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi. Kwenye lami ya moto na mzigo nyuma unaisha kama kifutio. Tafuta pia tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT ubavuni: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzima lakini lina miaka kumi ni biskuti. Mpya pia ulizia, maana dukani linaweza kuwa limekaa kwenye jua la dirishani miaka minne.

Trela lenyewe watu hulisahau. Nilimwambia fundi atumie ekseli ya Hilux, kwa sababu ina boliti sita zinazolingana na za Prado, nikafunga rimu na matairi ya saizi moja pande zote. Sasa nina magurudumu sita yanayobadilishana na spea mbili zinazokaa popote. Na jua kwamba pancha ya trela huisikii. Tukiwa karibu na Makuyuni kijana wa bodaboda alitupita akipiga honi, anaonyesha kidole chini. Nikadhani anatusalimia, nikampungia mkono. Binti yangu aliyekaa nyuma ndiye aliyesema, "Baba, kuna harufu ya mpira." Tuliposimama tairi la kulia la trela lilikuwa matambara, na rimu imeanza kula lami. Tangu siku hiyo kila nikisimama kuchimba dawa nazunguka trela na kugusa kila tairi kwa kiganja. Lenye moto kuliko wenzake lina jambo.

Lile la Natron nilirudi nalo hadi Mto wa Mbu, nikaona nisilitupe. Nikampelekea mzee anayeshona katambuga, vile viatu vya matairi, pembeni ya soko, nikijua angalau atapata pea mbili tatu. Akaligeuza, akaubonyeza ubavu kwa dole gumba mara mbili, akanirudishia.

"Hili jembamba, mwanangu," akasema. "Mtu akikanyaga mwiba unapita."