Kuku Wakiliwa Usiku, Tafuta Tundu Kwanza

Ukikuta manyoya bandani asubuhi, usifagie. Alama zilizobaki ndizo zitakazokuambia nani aliingia na alipitia wapi, na ukishazifuta utabaki kubahatisha.

Kuku aliyekatwa kichwa huku mwili wake umekwama kwenye wavu alivutwa na mnyama aliyekuwa nje. Kuku kadhaa walioumwa shingoni na mmoja tu kaliwa, mshuku kanu (mnyama mwembamba mwenye madoa, anayefanana na paka) au kicheche. Mayai yakitoweka bila hata kipande cha ganda, au kifaranga akipotea bila tone la damu, mara nyingi ni nyoka. Vifaranga wakionekana wamekokotwa hadi kwenye shimo la pembeni, ni panya. Udongo uliofukuliwa chini ya ukuta na wavu uliochanwa kwa nguvu ni kazi ya nyegere, na huyo ndiye mgumu kuliko wote.

Mabanda mengi huvamiwa kupitia uwazi uliokuwepo tangu siku yalipojengwa. Ingia bandani saa sita mchana jua likiwa kali, funga mlango, subiri dakika chache macho yazoee giza. Kila mahali unapoona mwanga, weka alama ya chaki. Utashangaa jinsi zinavyokuwa nyingi chini ya paa: mabati ya mawimbi yanapokaa juu ya mbao za ukutani, kila wimbi huacha uwazi wake. Watu huimarisha mlango na kusahau huko juu, ilhali kanu ni mpandaji hodari na hutembea juu ya paa bila shida. Ziba kwa udongo wa saruji au kwa vipande vya wavu vilivyopigiliwa kwa ubao. Matambara na majani hayasaidii, panya huyatoa usiku mmoja. Kata pia matawi yote yaliyo ndani ya mita mbili kutoka kwenye paa.

Sasa wavu wenyewe. Ule mwepesi wa matundu ya pembe sita, unaouzwa kama wavu wa kuku, unafaa kuzuia kuku wasitoke. Kumzuia mnyama asiingie hauwezi: nyegere huuchana, kanu hupitisha mkono, nyoka mwembamba hupita mzima. Nunua wavu wa waya uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi. Ni ghali, hilo halina ubishi. Fedha ikiwa ndogo, punguza ukubwa wa madirisha na ujenge sehemu iliyobaki kwa tofali au mbao, lakini acha nafasi ya hewa kwa juu, la sivyo harufu ya kinyesi itawaumiza kuku macho na mapafu. Dirisha dogo lenye wavu mzuri ni bora kuliko ukuta mzima wa wavu dhaifu.

Pigilia wavu upande wa nje wa fremu, ili mnyama akisukuma auegemeze kwenye mbao badala ya kuubandua. Misumari ya U peke yake hung'oka. Juu ya ukingo wa wavu weka ubao mwembamba, kisha piga misumari ya inchi mbili kila baada ya sentimeta 15.

Kwa wachimbaji, kata wavu wa upana wa sentimeta 60 na uukunje kama herufi L. Sentimeta 15 zipande ukutani, 45 zilale chini kuelekea nje, halafu funika kwa udongo na mawe. Mnyama huanza kuchimba palepale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta waya, huhama pembeni kidogo na kukuta waya tena. Ni nadra arudi nyuma nusu mita ndipo achimbe.

Fito za kulalia ziwe angalau sentimeta 30 kutoka kwenye wavu wowote, ili mkono wa kanu usiwafikie kuku. Kama banda limenyanyuliwa na sakafu yake ni ya fito, uwazi kati ya fito usizidi sentimeta mbili, maana wapo wanaong'ata miguu kutokea chini.

Siafu ni habari nyingine, na hapa kufuli linageuka kuwa adui. Kuku waliofungiwa hawana pa kukimbilia. Ukisikia wanapiga kelele na kukanyaga-kanyaga gizani, usisubiri kupambazuke. Fungua mlango, watoe wote, anza na vifaranga na mtetea anayeatamia kwa sababu yeye hataacha mayai. Watoe siafu chini ya mabawa na puani, uwahamishie mbali na msafara. Banda liache, siafu wakikosa cha kula huondoka wenyewe. Majivu huwazuia yakiwa makavu tu. Kinga bora ni banda la miguu iliyosimamishwa kwenye makopo yenye oili chafu, mradi uyakague kila siku: jani moja likiangukia kopo, siafu wamepata daraja.

Kila jioni okota mayai yote, ondoa chakula kilichobaki, na pumba zikae kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Chakula huita panya, panya huita nyoka. Mlango ufungwe kuku wanapomaliza kuingia, jua likizama. Weka komeo juu na chini, na uwazi wa chini usipitishe kidole.

Sumu usiweke. Itaua mbwa wako na bundi anayekulia panya, na watoto wanacheza hapo hapo. Aliyekula jana kwa kawaida hurudi leo au kesho, kwa hiyo mzoga uchimbie mbali, na tundu alilopitia lizibwe kabla ya magharibi. Kama vifaa havijafika, kuku walale jikoni au stoo kwenye matenga.