Xi'an: anzia kwa bata mdogo

Mara ya kwanza nilikwenda Xi'an, mji wa China wenye mahekalu ya kale ya Kibudha, juma la Oktoba mosi, wakati China nzima iko likizo. Nilikuwa mwanafunzi, nafasi ya kusafiri ndiyo hiyo, nikajiambia liwalo na liwe. Likawa. Ndani ya Dayanta, ile Pagoda Kubwa ya Bata Bukini (pagoda ni mnara wa hekalu la Kibudha), nilipanda ngazi pua yangu ikiwa kwenye begi la mtu wa mbele, na wa nyuma ananipumulia shingoni. Kufika ghorofa ya juu nikapewa dirisha kwa picha moja tu, nayo ilitoka imejaa visogo vya watu. Nilirudi mwezi wa tatu, siku ya Jumatano, nikaona mji mwingine kabisa. Kwa hiyo tarehe kwanza, tiketi ya treni baadaye.

Pili, usianze na Dayanta. Anza na mdogo wake, Xiaoyanta, yaani Pagoda Ndogo ya Bata Bukini. Unashuka metro laini ya 2, kituo cha Nanshaomen, unatembea kidogo tu. Bustani ina miti mikongwe, wazee wanafanya mazoezi, na katikati imesimama pagoda ya matofali iliyojengwa kuanzia mwaka 707, nyembamba, yenye kingo zilizobanana ghorofa juu ya ghorofa. Ilikuwa ya kuhifadhi maandiko ya mtawa Yijing, ambaye alikwenda India kwa jahazi mwaka 671 na kurejea China mwaka 695. Sisi watu wa pwani tunaelewa maana ya kungoja upepo; huyu alingoja miaka 24.

Izunguke taratibu, uangalie juu. Zilikuwa ghorofa 15, zimebaki 13, kwa sababu tetemeko la mwaka 1556 lilikata kichwa. Wenyeji wanasimulia kwamba tetemeko la 1487 liliipasua kutoka juu hadi chini, halafu jingine la 1521 likaufunga ule ufa, fundi hajaitwa. Nilicheka niliposikia. Baadaye nikasoma kwamba waliokuja kuikarabati miaka ya 1960 walikuta msingi wake ni udongo ulioshindiliwa wenye umbo la bakuli, unaosambaza uzito pande zote ardhi inapotikisika. Sikucheka tena.

Ukishatulia hapo, nenda Dayanta, laini ya 3 au ya 4. Uwanja wa kaskazini una chemchemi za maji na muziki, upite haraka. Ingia kwa upande wa kusini, ilipo sanamu ya mtawa Xuanzang. Huyu ndiye mwenye nyumba. Aliondoka China kwa kutoroka, bila kibali cha mfalme, akaenda India kwa nchi kavu, akarudi mwaka 645 na maandiko 657 ya Kibudha. Pagoda ilijengwa mwaka 652 ili yasiungue moto. Ina ghorofa 7, kama mita 64, na imeinama kidogo. Ukisimama pembeni utaona. Kuingia hekalu lenye pagoda ni tiketi moja, kupanda pagoda ni nyingine. Beba pasipoti yenyewe, maana kopi kwenye simu ilinirudisha hotelini.

Adabu za hekalu la Kichina si zile za Thailand. Viatu huvui. Ila kizingiti cha mlango, kile kirefu cha mbao, unakiruka. Usikikanyage, na usikae juu yake kupumzika kama nilivyofanya mimi hadi bibi mmoja akanipiga kidole begani. Sanamu zilizo ndani ya kumbi usizipige picha wala kuzinyooshea kidole. Vijiti vya udi huwashwa uani, na kama dini yako hairuhusu, kaa pembeni tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini sipigi magoti.

Kuhusu watawa: wa kweli hakufuati barabarani. Nje ya geti la hekalu moja, mwanamume mwenye joho alinivalisha shanga mkononi, akanibariki, kisha akadai yuan 100. Nilizivua, nikamrudishia, nikaondoka na baraka zangu bure.

Na utaombwa picha. Mwafrika ndani ya hekalu la Kibudha ni kivutio cha pili baada ya pagoda. Kubali mbili tatu, halafu jifanye una haraka.

Chakula cha mchana nenda mtaa wa Waislamu nyuma ya Mnara wa Ngoma, nyama ni halali. Ingia na Msikiti Mkuu uone jambo: mnara wake una paa la vigae lililopinda ncha, ungedhani umerudi kwenye pagoda.

Hekalu la Famen liko kama kilomita 120 magharibi mwa mji. Mnara wake wa zamani uliporomoka nusu mwaka 1981, na mwaka 1987 walipokuwa wanachimba msingi wakafukua chumba kilichokuwa kimefungwa tangu mwaka 874, chenye vyombo vya dhahabu na fedha na mfupa unaoheshimiwa kuwa wa kidole cha Budha. Vyombo ni vya kuona. Lile jengo jipya la mita 148, kwangu ni stendi ya mabasi iliyotiwa dhahabu.

Ukiwa na nusu siku tu, bora teksi hadi hekalu la Xingjiao, kusini mwa mji, mlimani. Hapo ndipo alipozikwa Xuanzang, chini ya pagoda ya ghorofa 5. Siku ile tulikuwa watu wanne, paka mmoja, na mtawa anafagia majani. Kulia na kushoto kwa pagoda hiyo kuna nyingine mbili ndogo za wanafunzi wa Xuanzang. Mmoja alikuwa Mchina. Mwingine, Woncheuk, alitoka Korea kuja kusoma, na hakurudi kwao. Pale ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote.