Pampu haiwaki? Anza na moto wa plagi

Ndugu, kama petroli inafika na ukivuta kamba injini ya pampu ya maji haishtuki hata kidogo, usikimbilie kufungua kabureta. Toa plagi (kile kinachotoa cheche ya kuwasha injini), irudishe kwenye kofia ya waya wake, gusisha sehemu yake yenye nyuzi za kufungia kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ilikotoka maana mvuke wa petroli unashika moto. Shika kwa koleo lenye mpira, si mkono mtupu. Washa swichi, mwenzako avute kamba.

Cheche ya buluu, sawa. Ya njano iliyofifia, jaribu plagi mpya. Hakuna kabisa? Pima oili: injini nyingi za Honda GX160 zina sensa inayokata moto oili ikipungua, na watu wanabadilisha koili (inayotengeneza umeme wa plagi) bure. Oili ikitosha, chomoa waya wa kuzimia unaoingia kwenye koili, vuta tena. Moto ukirudi, koili ni nzima. Kagua swichi na sensa.