Wanataka nifunge shule, watoto 212 niwapeleke wapi?

SWALI: Habari zenu gazetini. Nina shule ndogo hapa Bwaise, nasari mpaka P.4 (darasa la nne), watoto 212, ada elfu 70 kwa muhula na wazazi wengi wanalipa kidogo kidogo wakishauza chapati au mboga. Juzi wakaguzi wamekuja, wakakuta matundu ya choo mawili tu na kuta za mbao, wakasema nifunge mpaka nijenge. Nyumba ni ya kupanga na mwenye kiwanja hataki kusikia habari ya matofali. Nifanyeje?
Mama Mwalimu, Kampala

JIBU: Pole sana Mama Mwalimu. Kwenye choo wakaguzi wana haki. Kiwango cha serikali ni watoto 40 kwa tundu moja, wewe una 106, na Bwaise tunaijua, mvua ikipiga maji yanaingia mpaka ndani, choo kikifurika hapo watoto wanakanyaga uchafu. Unahitaji matundu 6. Hela yoyote utakayopata ianzie hapo, ukuta utasubiri.

Ila hilo la kufunga leo leo mi sikubaliani nalo hata kidogo. Watu wanasema si kuna UPE, ile elimu ya msingi ya bure ya serikali, sawa, ipo tangu 1997, lakini inaanzia P.1, nasari zimeachiwa watu binafsi, sasa huyo wa miaka minne ataenda wapi mama yake akiwa sokoni? Na wa P.2 avuke barabara kuu ya Northern Bypass peke yake asubuhi na giza? Wakupe muda kwa maandishi, choo mwezi fulani, kuta mwaka fulani, na wewe nenda mwenyewe ofisini ukaombe hivyo, usijifiche, maana kosa linalomaliza shule mara nyingi ni kukosa leseni. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliiruhusu serikali kufunga shule 63 za Bridge, na hiyo ni kampuni kubwa ya shule za binafsi yenye mawakili.

Shida yako kubwa naiona ni kiwanja. Hizi kanuni ni kama zimeandikiwa mtu mwenye ardhi yake, we unaweka mamilioni kwenye ardhi ya mtu, kesho anakutoa na choo kinabaki chake. Kabla hujaita fundi kaeni chini muandikishane, angalau miaka mitano, mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa) awepo, na gharama ya choo ikatwe kwenye kodi. Akikataa hilo, heri utafute nyumba nyingine mapema.

Na tafadhali usikubali mtoto hata mmoja alale humo, hata mzazi akikulilia. Oktoba 2022 kule Mukono moto wa usiku uliua watu 11 kwenye shule ya watoto wasioona.

Mwisho, huko kwenu vyoo vinajengwa juu kwa sababu ya maji, na mafundi wanapanga ngazi za watu wazima. Mwambie wa kwako apunguze kimo cha ngazi na aweke pa kushika, mtoto wa nasari akiogopa kupanda atajisaidia pembeni na hayo matundu 6 yatakuwa ya bure.