Maswali yenu: wiki kumi na moja, siku tatu, kilomita 21

Tangu niandike hapa kwamba nilimaliza nusu marathoni yangu ya kwanza nikiwa na kazi ya kukaa kitini, watoto wawili na goti moja lenye maneno mengi, mmenimiminia maswali. Wengi mnaniita Kocha. Mimi si kocha, ni mhasibu anayekimbia. Tuendelee hivyo hivyo.

Kocha, naishi Kayole na kazi yangu iko Industrial Area. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, narudi saa mbili usiku. Jumapili nacheza mpira wa mtaani. Nimeshalipia nambari ya nusu marathoni na zimebaki wiki kumi na moja. Nimekwisha?

Hujakwisha, ndugu. Mtu anayecheza mpira dakika tisini ana pumzi. Anachokosa ni miguu iliyozoea kugonga lami saa mbili na zaidi mfululizo, na hiyo haihitaji mazoezi ya kila siku. Siku tatu kwa wiki zinatosha.

Mbili kati ya hizo, tuseme Jumanne na Alhamisi, usingoje ufike nyumbani. Ukishavua viatu na kunusa kitunguu jikoni, mchezo umekwisha. Shuka Donholm, funga raba zako pale stejini, kamata Barabara ya Manyanja hadi kwako. Saa hiyo magari hayasogei hata hivyo, na kuna raha yake kuipita matatu uliyoshuka, makanga akikuchungulia mlangoni. Begi liwe dogo na likazwe kifuani, kwa sababu begi linalorukaruka litakuchuna mabega. Hesabu dakika, usihesabu kilomita: 35 hadi 45. Jumanne nenda pole kabisa. Alhamisi, ukishapasha mwili dakika kumi, kaza mwendo dakika tatu, legeza mbili, rudia mara tano, kisha malizia taratibu.

Siku ya tatu ni Jumamosi, au siku yoyote unayopumua, na ndiyo yenye kazi: mbio ndefu. Wiki ya kwanza kilomita 7, kisha 8, 10, 8, 12, 14, 11, 16, 18, 10, halafu siku yenyewe. Utaona namba zinarudi nyuma hapa na pale. Sikukosea kuandika. Mapafu hujifunza haraka, mifupa na kano huchelewa, na wiki hizo nyepesi ndizo zinazowapa wachelewaji nafasi ya kufika. Huhitaji kukimbia 21 kabla ya siku ya mbio. Aliyefikisha 18 kwa utulivu ataburutwa na umati zile tatu zilizobaki. Kazi ikikubana acha Jumanne, ikizidi acha na Alhamisi, lakini mbio ndefu zisikupite.

Mpira wa Jumapili cheza, nusu moja tu. Wiki tatu za mwisho tundika njumu. Mguu ukiteguka kwa sababu ya penalti ya mtaani, waandaaji hawakurudishii ada.

Nikikimbia na wenzangu wa ofisini, kilomita ya tatu nahema kama jenereta. Mapafu yangu ni mabovu?

Mapafu yako ni mazima, dada. Mwendo ndio mbovu. Sisi Wakenya tuna ugonjwa wetu: tumelelewa tukitazama mbio kwenye televisheni, kwa hivyo mtu akivaa kaptula anadhani lazima akimbie kama wale. Kibiwott Kandie alimaliza nusu marathoni kwa dakika 57 na sekunde 32 pale Valencia, Desemba 2020. Hiyo ni dakika 2 na sekunde 44 hivi kwa kila kilomita. Wewe na mimi hatukimbii hivyo hata tukifukuzwa na mbwa wa mtaa wa Umoja.

Kipimo chako ni mdomo. Siku za pole uweze kusimulia ulichokula jana, sentensi nzima nzima, bila kukata katikati. Ukibaki na “ee” na “mh”, punguza. Ikibidi kutembea mlimani, tembea. Asubuhi moja nilikuwa Ngong nikakuta kundi la wanariadha, wale wenyewe, wakitoka kambini wakiburuta miguu na kupiga stori. Nikaungana nao nyuma, nikajiona nimefika. Dakika kumi za kwanza nilikuwa sawa nao. Ya kumi na tano sikuona hata vumbi lao. Wao wanajua kwamba mwanzo wa pole ni sehemu ya kazi.

Na hesabu yenyewe si ya kutisha. Kwa dakika 8 kila kilomita, utamaliza kwa saa 2 na dakika 49. Kwa dakika 7, saa 2 na dakika 28. Waambie wenzako wa ofisini mtakutana kwenye chai.

Salaam aleikum Kocha. Mimi ni wa Mombasa, nakimbia pale Mama Ngina kila alfajiri na sichoki. Naja Nairobi kukimbia. Naambiwa huko juu pumzi hukatika. Ni kweli au ni maneno ya watu wa bara?

Waaleikum salaam, kaka. Ni kweli. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi: kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja kwa tano ukilinganisha na huko kwenu. Mwili hujirekebisha, lakini huchukua wiki mbili na zaidi, na najua bosi wako hatakupa wiki mbili. Kwa hivyo usijisumbue kuja siku nne kabla ukidhani utazoea. Njoo siku moja au mbili kabla, ulale vizuri, kunywa maji, na siku ya mbio sahau saa yako ya mkononi inayokumbuka mwendo wa Mama Ngina. Mwanzoni, kila kilomita ichukue nusu dakika hadi dakika nzima zaidi ya ulivyozoea. Kipimo cha mdomo nilichompa dada hapo juu kinafanya kazi mahali popote.

Faida yako ni joto. Aliyezoea kukimbia kwenye jasho la pwani, jua letu la saa tatu asubuhi kwake ni kivuli. Ila beba sweta. Alfajiri ya Nairobi itakushangaza kuliko huo mwinuko.

Ni lazima ninunue viatu vipya? Bei za madukani zimenishinda.

Vipya, hapana. Vizima, ndiyo. Mimi jozi yangu ya kwanza niliitoa soko la mitumba la Gikomba, na ya pili, na ya pili ilinidanganya. Ilikuwa nyeupe pe, kamba mpya, imepigwa brashi hadi ikang'aa. Kilomita ya kumi na moja ndipo nilipojua nimenunua ubao.

Sasa mimi hufanya hivi. Siitazami kabisa sehemu ya juu. Nakigeuza kiatu, nabonyeza kwa kidole gumba ile povu ya katikati, kati ya kitambaa na raba ya chini. Ikibonyea na kurudi, ina uhai. Ikiwa ngumu, au ina mikunjo midogo kama paji la uso la mzee, imekufa, hata soli ya chini iwe haijaguswa. Kisha naweka jozi juu ya meza ya muuzaji na kuchuchumaa nitazame kwa nyuma: kiatu kikiegemea upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mwendo wake na atakuachia. Mwisho navaa jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi nitakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi na kung'oka. Muuzaji atakuambia “kitapanuka tu, boss”. Hakitapanuka.

Vyovyote utakavyonunua, usivivae kwa mara ya kwanza siku ya mbio.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Rongai. Saa ninayopata ni kumi na moja alfajiri na kuna giza. Mume wangu anaogopa. Nikimbie wapi?

Mume wako ana haki ya kuogopa, mama. Jua letu hutoka baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima, na Barabara ya Magadi gizani, pamoja na bodaboda zisizo na taa, si mahali pa mtu peke yake. Tafuta wenzako wawili watatu mtaani. Kila mtaa una kikundi cha WhatsApp cha maji yaliyokatika, uliza humo humo nani anakimbia, utashangaa. Vaeni rangi za kung'aa, kimbieni mkiyatazama magari, na masikio yabaki wazi bila muziki.

Lakini mimi ningefanya mkataba mwingine na baba watoto. Siku mbili za wiki, dakika thelathini, kwenye kipande kifupi chenye taa karibu na nyumbani, kwenda na kurudi, hata kama ni mara nane. Kunachosha akili, miguu haijali. Yeye naye akupe Jumamosi asubuhi, muda wa saa tatu nzima, bila kupigiwa simu kuulizwa soksi za mtoto ziko wapi. Asubuhi hiyo kukishapambazuka nenda Karura. Utalipa kiingilio, lakini kuna walinzi, kuna kivuli, na udongo wa msituni unahurumia magoti. Msitu huo tunao kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999, nami huwakumbuka kila nikipita pale kwenye maporomoko. Ukichagua Southern Bypass kwa kuwa ni karibu, usibebe ndizi mkononi. Nyani wa pale hawaombi.

Asubuhi ya mbio nile nini? Githeri inanipa nguvu sana.

Githeri ikupe nguvu Jumatatu. Maharagwe na mahindi yana nyuzinyuzi nyingi na gesi, na tumbo linalorushwarushwa kwa saa mbili na nusu halitaki mjadala. Mwaka wangu wa kwanza nilikula chapati maharagwe usiku wa kuamkia mbio. Kilomita ya tisa nilibisha hodi kwenye kituo cha mafuta nikiwa na nambari kifuani.

Usiku kula ugali au wali na mboga kidogo, mapema. Mbio zikianza saa moja, kunywa chai na vipande viwili vya mkate mweupe wenye jemu, au uji mwepesi, saa kumi na moja. Njiani, kwa kuwa utazidi saa moja na nusu, unahitaji sukari, gramu 30 hivi kwa saa. Mimi hubeba sukari guru iliyokatwa vipande vidogo ndani ya karatasi ya nailoni. Lolote utakalokula siku hiyo, lijaribu kwanza kwenye mbio ndefu za Jumamosi. Maji kunywa ukiwa na kiu. Kujaza tumbo kila meza ya maji huzimua chumvi ya damu, na hilo linaweza kukulaza hospitali. Na usimeze ibuprofen kabla ya kuanza “kujikinga na maumivu”. Pamoja na upungufu wa maji inaumiza figo.

Ugoko unauma kila nikikimbia. Niendelee?

Pitisha kidole kando ya mfupa. Maumivu yakitandaa kwa urefu, pumzika siku kadhaa, punguza kilomita kwa nusu, hamia kwenye udongo. Yakiwa sehemu moja ya ukubwa wa sarafu, ukiibonyeza unaruka, acha kukimbia leo na umwone daktari. Huenda mfupa umeanza ufa, na eksirei ya mapema wakati mwingine haiuonyeshi, kwa hivyo usitoke pale umetulizwa na picha moja.

Nimelala wiki mbili kwa homa. Nifidie kilomita nilizokosa?

Hapana. Zimeenda. Homa ikishakuacha na umeweza kupanda ngazi bila kuhema, rudi kwa nusu ya ulipokuwa.

Kutembea katikati ya mbio si aibu?

Mmarekani Jeff Galloway alikimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, kisha akatumia maisha yake kufundisha watu wa kawaida kukimbia kidogo na kutembea kidogo. Kama yeye hakuona aibu, wewe ni nani? Kimbia dakika nne, tembea moja, ukianza kilomita ya kwanza. Ukingoja uchoke ndipo utembee, hiyo si mbinu tena, ni kushindwa. Barabarani mtu atakupigia kelele. Mimi kondakta mmoja alitoa kichwa dirishani akaniuliza, “Mzee, unafukuzwa na nani?” Nilikuwa natembea.

Nikimaliza nifanye nini?

Usiketi. Tembea dakika kumi, vaa kitu kikavu, kula chochote chenye chumvi. Jumatatu shuka ngazi za ofisi kinyumenyume ukishika chuma. Kisha jiandae kwa swali ambalo hakuna mazoezi yake: nyumbani watakuuliza ulikuwa nambari ngapi. Mimi nilimwambia mama yangu elfu tatu na kitu. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama pesa wanalipa mpaka hapo.